Uvimbe wa mishipa ya damu kwenye uti wa mgongo: maswali tunayoulizwa sana Kanda ya Ziwa

Hemanjioblastoma ni jina refu, na wengi hulisikia kwa mara ya kwanza siku ile ile wanaposomewa majibu ya MRI, kile kipimo cha picha za ndani ya mwili kwa sumaku. Mimi ni muuguzi hapa Mwanza, nahudumia wagonjwa wa mishipa ya fahamu, na maswali haya nimeyapanga yanavyokuja wodini na kliniki. Matibabu ya mgonjwa wako yataamuliwa na daktari aliyemwona na kuziona picha zake.

Hemanjioblastoma ni nini hasa?

Ni uvimbe uliosheheni mishipa midogo midogo ya damu, unaoota kwenye uti wa mgongo au kwenye sehemu ya nyuma ya ubongo. Hapa nikisema uti wa mgongo namaanisha ule mkanda laini wa fahamu unaopita ndani ya pingili, siyo pingili zenyewe. Kwa mtu mzima mkanda huo una urefu wa sentimita 45 hivi na unene wa kama sentimita 1, na umepita kwenye tundu la mfupa lisilotanuka. Kitu kidogo kikiota humo, hakuna pa kujisogeza.

Ni ugonjwa adimu. Katika uvimbe wote unaoota ndani ya uti wa mgongo, huu unachukua asilimia 2 hadi 6 tu. Unatanguliwa na ependimoma na astrositoma, aina nyingine mbili za uvimbe wa humo humo. Ndiyo maana daktari wa wilaya anaweza kufanya kazi hadi akastaafu bila kukutana nao, na si uzembe wake.

Kwa hiyo ni saratani?

Hapana. Shirika la Afya Duniani limeuweka daraja la 1, la chini kabisa, na hausambai mwilini kama saratani inavyosambaa. Ila ndugu wakishasikia "si saratani" hushusha pumzi na kurudi nyumbani, na hapo ndipo ninapoanza kuwa na wasiwasi. Uvimbe huu unaumiza kwa mahali ulipokaa. Mishipa yake huvuja majimaji, mkanda wa fahamu unavimba, na mara nyingi maji hayo hujikusanya katikati ya mkanda na kutengeneza uwazi unaoitwa sirinksi. Uvimbe wenyewe unaweza kuwa wa milimita chache tu, lakini sirinksi yake ikapanda na kushuka pingili kadhaa. Kinachompa mgonjwa taabu mara nyingi ni hayo maji kuliko uvimbe wenyewe.

Ndiyo homa ya uti wa mgongo?

Hapana. Ile ni maambukizi ya utando unaozunguka ubongo na uti wa mgongo, huja na homa kali na shingo kukakamaa, na ni dharura ya siku hiyo hiyo. Huu hauambukizi mtu yeyote.

Ripoti ya MRI ya mama inasema "hemanjioma" kwenye pingili ya kiuno. Ndiyo huu?

Majina yanafanana lakini mambo ni mbali kabisa. Hemanjioma ya pingili iko ndani ya mfupa, na karibu mtu 1 katika kila 10 anayo bila kujua. Huonekana kwa bahati tu mtu akipigwa picha kwa sababu nyingine. Iliyo nyingi haiumi wala haihitaji dawa. Chache sana hukua zikabana mishipa ya fahamu. Muulizeni daktari swali moja tu: je, inagusa uti wa mgongo? Akisema haigusi, maumivu ya kiuno ya mama yatafutiwe sababu nyingine, na mama asiitwe mgonjwa wa uvimbe kila anapotembelewa na mashemeji.

Na kavenoma?

Hicho ni kifundo cha mishipa iliyotanuka yenye kuta nyembamba, ambacho huvuja damu kidogo kidogo. Mgonjwa wake huweza kuzidiwa ghafla, akapata nafuu, akazidiwa tena baada ya miezi au miaka. Hemanjioblastoma kwa kawaida huja taratibu, ingawa nayo mara chache huvuja damu. MRI huweza kuzitofautisha.

Dalili huanzaje?

Huanza na vitu vidogo ambavyo mtu anaona aibu hata kuvieleza. Maumivu ya shingo au ya katikati ya mgongo yanayosumbua zaidi usiku. Ganzi kwenye vidole. Mkono kuwa mzito upande mmoja. Uvimbe huu hupenda shingo na kifua, na zaidi hukaa upande wa nyuma wa mkanda wa fahamu, ambako zinapita nyuzi zinazouarifu ubongo mguu uko wapi. Kwa hiyo kuna mgonjwa ambaye nguvu anazo, ukimwambia asukume mguu anasukuma vizuri, lakini hajui mguu wake umekanyaga nini.

Mchana macho yanamsaidia, giza likiingia anapepesuka. Mvuvi wa dagaa, ambaye kazi yake ni usiku usio na mbalamwezi, ataliona tatizo hili mapema kuliko karani: anashindwa kusimama kwenye mtumbwi ambao ameusimamia tangu utotoni, na wenzake wanadhani amekunywa. Mwingine anafumba macho ili anawe uso asubuhi, anayumba na kushika ukuta. Mwingine ndala inavuka mguuni, anatembea hatua kumi ndipo anaambiwa na mtoto.

Baadaye miguu hukakamaa, mkojo hukawia kutoka au hutoka bila taarifa, choo hufunga, na wanaume hupungukiwa nguvu za kiume. Mkojo ukiziba kabisa au miguu ikilegea ndani ya siku moja, usisubiri tarehe ya kliniki. Nenda hospitali usiku huo huo.

Kwa nini kwanza walimpima kichocho na kifua kikuu?

Kwa sababu walikuwa sahihi. Huku kwetu, mtu akija miguu imekufa ganzi, daktari anayeanza kuwaza hemanjioblastoma amekosea mahesabu. Kifua kikuu cha pingili ni cha kawaida kuliko uvimbe huu, kina dawa, na dawa hizo hutolewa bure. Humdhoofisha mgonjwa, humletea jasho la usiku, na mwisho pingili huporomoka na kutoa kibyongo.

Halafu kuna ziwa. Kichocho cha tumbo kimejaa visiwani na pwani yote ya Ziwa Victoria, na mayai yake huweza kupita kwenye mishipa ya damu yakafika sehemu ya chini ya uti wa mgongo. Kijana anayeoga na kuvua ziwani anaumwa kiuno, ndani ya siku au wiki chache miguu inalegea na mkojo unaziba. Akiwahi prazikwanteli, dawa ya kichocho, pamoja na steroidi za kutuliza uvimbe, anaweza kuinuka. Kumpeleka huyo kwenye upasuaji kabla ya kufikiria kichocho ni kumwonea.

Wazee wa Tarime wanakumbuka pia konzo ya miaka ya 1980, watu walipopooza miguu kwa sumu ya mihogo michungu iliyoandaliwa haraka wakati wa ukame. Konzo huja ghafla na haileti ganzi ya kudumu. Ninaitaja kwa sababu bado kuna familia ambazo kila mguu uliokakamaa wanaulaumu muhogo.

Kosa ni kung'ang'ania jibu la kwanza. Mtu ametumia dawa za kifua kikuu bila kipimo kilichothibitisha, miezi inapita, na miguu inazidi kuwa mizito: aombewe MRI.

X-ray haikuonyesha kitu. Si inamaanisha yuko salama?

X-ray inaonyesha mifupa. Uti wa mgongo hauonekani humo. Hata CT huweza kuukosa uvimbe huu. Kipimo chake ni MRI, tena ile ya kuchomwa dawa ya rangi kwenye mshipa. Uvimbe huu hunywa dawa hiyo sana na kung'aa kwenye picha, na pembeni yake huonekana mistari myeusi ya mishipa minene inayopitisha damu kwa kasi. MRI bila dawa ya rangi inaweza kuonyesha sirinksi peke yake, watu wakatibu maji na kuuacha uvimbe ulioyaleta. Mwenye ugonjwa mkubwa wa figo aseme kabla hajachomwa. Mwenye betri ya moyo au chuma mwilini aseme kabla hajaingia kwenye chumba chenyewe.

Tunaanzia wapi tukiwa Ukerewe, Sengerema au Geita?

Zahanati au kituo cha afya, kisha hospitali ya wilaya au ya mkoa, wakupe barua ya rufaa. Hospitali ya rufaa ya kanda ni Bugando, pale juu ya kilima Mwanza mjini. Kitaifa, upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu uko MOI, taasisi ya mifupa iliyoko Muhimbili, Dar es Salaam. Mwenye bima asiruke ngazi, maana bima huangalia barua. Asiye na bima aulizie ofisi ya ustawi wa jamii ya hospitali mapema, kabla deni halijakua. Wao ndio wanaopitia maombi ya msamaha.

Kutoka Sengerema na Geita tangu Juni 2025 gari linapita juu ya daraja la Kigongo–Busisi, kwa hiyo ile foleni ya kivuko na mgonjwa nyuma ya gari haipo tena. Wa Ukerewe bado ni majini. Mgonjwa ambaye miguu imelegea asafiri amelala, na ageuzwe njiani.

Omba CD ya MRI, usiridhike na karatasi. Daktari wa upasuaji anataka kuangalia picha kwa macho yake, na karatasi ya ripoti haimtoshi.

Kwa nini hawachukui kinyama wakapime kwanza?

Kwa sababu ni uvimbe wa damu. Kuuchomoa kipande ni kufungua mabomba mengi kwa wakati mmoja ndani ya sehemu isiyo na nafasi. Madaktari huutambua kwa picha, kisha wakishautoa mzima ndipo unapelekwa maabara. Mtu akikupendekezea kipimo cha kinyama kwa uvimbe wa aina hii, una haki ya kuuliza mara mbili.

Umetokana na nini? Baba alikuwa anabeba magunia ya dagaa mwaloni.

Magunia huumiza diski na misuli. Hayaoteshi uvimbe huu. Wala haukuletwa na sangara, maji ya ziwa, kuanguka utotoni au sindano ya mgongo aliyochomwa mama wakati wa kujifungua. Kwa wagonjwa wengi hujitokeza wenyewe, mmoja tu, mara nyingi katika umri wa miaka 30 na 40. Ila kwa waliobaki, ambao hukadiriwa kufika hata theluthi moja, uvimbe ni dalili ya ugonjwa wa kurithi. Hao huanza wakiwa wadogo zaidi, na wanaweza kuwa na uvimbe zaidi ya mmoja.

Ugonjwa gani huo wa kurithi?

Unaitwa von Hippel-Lindau. Von Hippel alikuwa daktari wa macho Mjerumani aliyeelezea uvimbe wa jichoni mwaka 1904, na Lindau, Msweden, mwaka 1926 akaunganisha wa jicho na wa ubongo na uti wa mgongo. Jeni yenyewe, iliyoko kwenye kromosomu ya 3, iligunduliwa mwaka 1993. Inakadiriwa mtoto 1 kati ya 36,000 huzaliwa na ugonjwa huu.

Kazi ya jeni hiyo ni kuzima kengele ya mwili ya "hewa imepungua". Jeni ikiharibika, kengele haizimiki, chembechembe hudhani hazina oksijeni wakati oksijeni ipo, na huagiza mishipa mipya ya damu bila kikomo. Utafiti wa jinsi chembechembe zinavyohisi oksijeni ndio uliowapa Kaelin, Ratcliffe na Semenza tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2019.

Mwenye ugonjwa huu anaweza kupata uvimbe kwenye retina ya jicho, ubongo, uti wa mgongo, sikio la ndani, kongosho, na tezi iliyo juu ya figo. Figo zenyewe zinaweza kupata vifuko vya maji au saratani, na hiyo ni saratani kweli. Kwa hiyo mkikaa barazani kuhesabu ukoo, msihesabu waliopooza tu. Shangazi aliyepofuka jicho moja kijana, babu mdogo aliyefariki kwa "figo", binamu mwenye presha ya kupanda ghafla na jasho na moyo kwenda mbio: wote waandikwe kwenye karatasi moja na daktari asomewe. Nimeona familia ambazo orodha hiyo waliishaijua vizuri kabisa, ila waliiita mkosi wa ukoo na wakaipeleka kwa mganga badala ya kliniki.

Watoto wangu wapimwe?

Ukithibitika kuwa na von Hippel-Lindau, kila mtoto wako ana nusu kwa nusu ya kuirithi, awe wa kike au wa kiume. Karibu mgonjwa 1 kati ya 5 ni wa kwanza katika ukoo wake, kwa hiyo wazazi wazima hawaufuti ugonjwa. Kipimo cha jeni kipo duniani, na kikiwa hakipatikani ulipo, uangalizi wa kawaida unafanya kazi kubwa: macho kila mwaka tangu utotoni, presha, ultrasound ya tumbo, na MRI ya ubongo na uti wa mgongo kuanzia karibu miaka 11. Jicho ndilo ningeanza nalo kwa mtoto wa hapa, kwa sababu uvimbe mdogo wa retina hutibika kwa mwanga wa leza, na ukiachwa hupofusha.

Lazima upasuaji?

Kama una dalili, kwa kawaida ndiyo. Kama uvimbe umeonekana kwa bahati na mtu hana dalili, hasa mwenye von Hippel-Lindau na uvimbe kadhaa, madaktari wengi huufuatilia tu kwa MRI. Uvimbe huu hukua kisha ukatulia, pengine miaka, kisha ukakua tena. Kuukimbilia kila mmoja ni kuukata mgongo huo huo mara nyingi bila sababu.

Mwenye dalili asisubiri azidiwe. Jambo linalobashiri zaidi mtu atatembeaje baada ya upasuaji ni jinsi alivyokuwa anatembea kabla yake. Aliyeingia na fimbo huwa na matumaini ya kutoka na fimbo au bila. Aliyeingia kwa machela baada ya miezi sita ya kitandani ana safari nyingine kabisa. Mwaka mmoja wa kujadiliana ukoo mzima unaweza kuwa ndio mwaka uliobeba miguu.

Upasuaji wenyewe unafanyikaje?

Mgonjwa hulazwa kifudifudi akiwa na nusu kaputi. Daktari hufungua mfupa wa nyuma wa pingili, kisha utando, halafu kazi iliyobaki hufanyika chini ya darubini. Uvimbe huonekana wa rangi ya chungwa iliyoiva kuelekea nyekundu, umezungukwa na mishipa iliyojipinda. Daktari haingii ndani yake. Huuzunguka pembeni, akifunga kwanza mishipa inayoleta damu, na ule mkubwa unaotoa damu huuacha mwisho kabisa. Akianza na wa kutoa, damu inaingia haina pa kutokea, uvimbe unatanuka na kupasuka. Ukishatoka mzima, sirinksi kwa kawaida hunywea yenyewe bila kutobolewa. Na ukitoka wote, kurudi pale pale ni nadra.

Baadhi ya vituo huziba kwanza mishipa kwa mrija unaopitishwa kwenye kinena. Si kila mgonjwa anauhitaji.

Jambo moja mlikumbushe hata kama mnaogopa kumsumbua daktari: mwenye von Hippel-Lindau apimwe kwanza kama ana uvimbe wa tezi ya juu ya figo. Uvimbe huo humwaga kemikali zinazorusha presha vibaya akiwa chini ya nusu kaputi. Kipimo ni cha damu au mkojo.

Andaeni wachangia damu mapema, wasiwe wa kupigiwa simu asubuhi ya upasuaji.

Ametoka chumba cha upasuaji na miguu ni mibaya kuliko alivyoingia. Wamemharibu?

Si lazima. Ganzi kuongezeka na miguu kuwa mizito siku za mwanzo hutokea mara nyingi, kwa sababu mkanda wa fahamu umeguswa na umevimba. Wengi hurudi taratibu kwa wiki na miezi. Kinachotakiwa kuripotiwa haraka ni miguu iliyokuwa inasogea ikaacha kusogea, maumivu makali mapya, homa, au maji maangavu yanayotoka kwenye kidonda. Wapo ambao hubaki na ulemavu, na daktari anapaswa kulisema hilo kabla hamjasaini fomu.

Hakuna dawa ya kumeza?

Ipo moja, belzutifani, iliyoidhinishwa Marekani Agosti 2021 kwa wenye von Hippel-Lindau ambao uvimbe wao hauhitaji upasuaji wa haraka. Hupunguza damu mwilini, humdhuru mtoto aliye tumboni, na bei yake ni ya kutisha. Kwa mwenye uvimbe mmoja usio wa kurithi, tiba ni upasuaji. Mionzi hutumika kwa wachache ambao hawawezi kufanyiwa upasuaji.

Nina uvimbe huu na nataka kuzaa.

Zungumza na daktari kabla ya mimba. Kuna wanawake ambao dalili huongezeka wakiwa wajawazito, na sindano ya ganzi ya mgongoni wakati wa kujifungua inahitaji kwanza kujua uvimbe uko wapi.

Tumkande? Tumpeleke kwa mganga?

Maombi na ndugu kukaa naye havina madhara, na vinamsaidia kuvumilia. Chale mgongoni, mawe ya moto na kukandwa kwa nguvu, hapana. Ngozi iliyokufa ganzi haisikii moto. Nimefunga vidonda vya kuungua vya mtu aliyeingizwa miguu kwenye beseni ili "damu itembee", na aliyemchemshia maji alikuwa mkewe aliyempenda. Pima maji kwa kiwiko chako wewe mwenye afya.

Nyumbani tumhudumieje?

Ageuzwe kila baada ya saa 2, usiku pia. Makalio na visigino vitazamwe kila siku kwenye mwanga. Wekundu usiopotea ni mwanzo wa kidonda cha mgandamizo. Mwenye mpira wa mkojo anywe maji ya kutosha, na mfuko ukae chini ya kiwango cha kibofu, usining'inizwe juu ya chandarua kama nilivyowahi kukuta. Mazoezi ya fiziotherapia yafanywe nyumbani kila siku, kwa sababu kliniki ya mara moja kwa mwezi haitoshi kurudisha mguu.

Anaweza kurudi ziwani?

Akirudiwa na uwezo wa kusimama macho yakiwa yamefumbwa, daktari na mtu wa fiziotherapia wataangalia. Kabla ya hapo, mtumbwini usiku hapana, hata kama nguvu za mikono zimerudi zote. Mchana kando ya mwalo anaweza kushona nyavu, kupima dagaa, kuhesabu mali. Avae viatu vilivyofungwa, si ndala, na jioni akikaguliwa miguu atazamwe hasa katikati ya vidole, maana ndoano iliyozama kwenye mguu wenye ganzi huweza kukaa hadi usaha utoke.